Jogoo wa mama mdogo, kaka yangu nahodha, na swali la kwa nini akili huugua (uzi mrefu)

Mwalimu Ngamiani

Wakuu, asalaam aleikum, na wengine wote habari za jioni.

Uzi huu nimekaa nao moyoni tangu mwaka jana. Naushusha leo kwa sababu kaka yangu, anayehusika, kanipa ruhusa, alimradi nisimtaje jina. Mie ni mwalimu wa biolojia sekondari hapa Tanga, mzaliwa wa Ngamiani. Kila mwaka nafundisha mageuko ya viumbe: Darwin, uteuzi wa asili (viumbe wanaofaa mazingira yao ndio wanaoacha uzao zaidi), maswali ya mtihani, tunafunga daftari. Nimefundisha hivyo miaka kumi na moja bila mada ile kunigusa hata siku moja, mpaka ilipoingia uani kwetu.

Kaka yangu ni nahodha. Ni katika wale ambao bahari ikichafuka, watu wa Sahare huuliza kwanza yeye kasemaje. Kusi la mwaka juzi boti yake ilipanda mwamba usiku, upande wa Yambe, wakirudi na dagaa. Mabaharia walitoka wote salama, alhamdulillah. Lakini boti ilipasuka, mashine ikaingia maji, nyavu zikachanika. Na boti ilikuwa ya mkopo.

Mwezi wa kwanza alihangaika. Alikwenda kwa tajiri, kwa ndugu, mpaka Pangani kutafuta boti ya kuendesha. Mwezi wa pili akanyamaza. Akawa anashinda uani amekalia mbuzi ya nazi, mgongo ukutani, mikono katikati ya magoti. Kwenye kahawa barazani haendi tena. Mtu akipiga hodi anatupungia mkono tuseme kalala. Sauti yake, iliyozoea kushindana na mashine baharini, ikawa mpaka uiinamie ndipo uisikie. Saa tisa za usiku ukitoka kwenda msalani unamkuta yu macho. Na usoni kulikuwa na kitu: ncha za ndani za nyusi zake zilikuwa zimeinuka na kukutana kama paa la kibanda, na hazikushuka hata akizungumza habari za mpira. Darwin mwaka 1872 aliandika kitabu kizima juu ya jinsi hisia zinavyojionyesha kwa binadamu na wanyama, na misuli hiyo ya nyusi aliieleza kuwa ni misuli ya huzuni. Niliyasoma hayo chuoni nikayasahau. Yakanirudia nikimtazama kaka.

Mtaani yalisemwa yote. Kapigwa na kitu cha baharini. Kahusudiwa. Mvivu, anakimbia deni. Mwanamume gani anakaa na wanawake uani? Kituo kimoja cha afya walimpima malaria, hana, mhudumu akamwambia "acha mawazo, baba" na kumpa dawa za maumivu. Alitoka pale akatembea mbele yangu mpaka nyumbani bila kugeuka.

Sasa jogoo.

Uani pale pale mama mdogo anafuga kuku. Alikuwa na jogoo wa siku nyingi, mwekundu, mwenye kelele, anayewaamsha watu kabla ya muadhini. Akaletewa jogoo wa aina ya kuchi, kijana, miguu mirefu. Wakapigana asubuhi mbili. Asubuhi ya pili yule mwekundu akashindwa, na kuanzia siku ile nikaona jambo ambalo nilikuwa naliona tangu utotoni bila kulitazama. Alihamia nyuma ya pipa la maji. Kilemba chake kikalala upande. Hakuwika tena, hata alfajiri moja. Mtama ukimwagwa, yeye husubiri mpaka majike yashibe ndipo aje kudonoa vumbi. Kuchi akipita karibu, anajikunja chini na kugeuza shingo pembeni. Jeraha lilikuwa dogo tu, juu ya jicho, na lilipona ndani ya wiki moja. Yeye hakupona.

Na hatua nne kutoka kwenye pipa lile alikuwa kaka yangu, juu ya mbuzi ya nazi.

Nikaenda kutafuta nimsome nani aliyewahi kuwatazama wawili hawa pamoja. Wapo. Nitaendelea baada ya isha.

Mkwezi wa Mabokweni

Pole sana mwalimu. Lakini mtu ana deni, ana watoto, ana imani yake, unamweka mizani moja na kuku? Hapo umenipoteza.

Binti Pangani

Nimekaa hapa nasubiri. Nina sababu zangu.

Mwalimu Ngamiani

Naendelea.

Mkwezi, swali lako ndilo lililoninyima usingizi mie pia. Kama kuku ni mbali, twende Kigoma kwetu hapa hapa Tanzania. Jane Goodall alifika Gombe mwaka 1960 kutazama sokwe. Kulikuwa na jike mzee aliyempa jina Flo, na mwanawe wa mwisho, Flint, ambaye hata alipofika miaka minane alikuwa hajambanduka mama yake. Flo akafa mwaka 1972. Flint akarudi mara kwa mara pale mwili ulipokuwa, akaacha kula, akajitenga na wenzake, macho yakaingia ndani. Hata mwezi haukutimia naye akafa. Hakuwa na deni wala mtaa wa kumsema. Alikuwa na pengo tu mahali alipokuwa mama.

Sisemi kaka ni sokwe. Nasema mwili aliopewa una vitu vya zamani kuliko utu wake, na vitu hivyo vina kazi.

Homa ni mfano mwepesi. Zamani mtu akichemka walidhani homa ndiyo ugonjwa. Leo tunajua mwili wenyewe ndio unaopandisha joto kupambana na vijidudu. Kukohoa kunatoa uchafu, kutapika kunatoa sumu, maumivu yanakufanya usikanyage tena mguu uliovunjika. Wapo watu wachache wanaozaliwa hawasikii maumivu kabisa, na maisha yao ni ya majeraha mtindo mmoja. Daktari wa akili wa Marekani, Randolph Nesse, pamoja na mwanabiolojia George Williams, mwaka 1994 waliuliza swali ambalo kwangu lilifungua mlango: madaktari wanatuambia jinsi mwili unavyoharibika, lakini kwa nini uteuzi wa asili umetuachia mwili unaoharibika namna hiyo? Nesse akaupeleka uchunguzi ule kwenye akili. Je, hofu na huzuni, kama homa, vinaweza kuwa kinga?

Hofu ni rahisi kuielewa, hasa kwa mtu aliyewahi kukata mkonge. Uko mstarini, majani yanatikisika karibu na mguu. Ni upepo au ni kifutu? Ukiruka na ukawa ni upepo, umepoteza pumzi moja. Usiporuka na akawa ni kifutu, wanao wanalia. Basi mwili ulioachiwa uzao ni ule unaoruka mara mia kwa upepo ili usikose mara moja ya kifutu. Kwa hesabu ya Nesse, hofu nyingi za bure si mtambo mbovu wa tahadhari, ndivyo mtambo ulivyotegwa. Mwenye wasiwasi wa kupitiliza ana mtambo huo huo, ila umetegwa karibu mno: unalia kila saa, sokoni, kitandani, msikitini. Kumwambia "huna la kuogopa" hakumsaidii, kwa sababu mtambo haujibu maneno.

Wala hatuogopi vitu vyote sawasawa. Mwanasaikolojia Susan Mineka na mwenzake walichukua kima waliozaliwa maabara, hawajawahi kuona nyoka, wakawaonyesha picha za video za kima mwingine akimwogopa nyoka. Wakajifunza kuogopa upesi. Wakawaonyesha picha zilizopangwa zionekane kama kima anaogopa maua. Hawakujifunza. Pikipiki zinatuua kuliko nyoka siku hizi, lakini nani hapa anaota pikipiki?

Huzuni ya kushindwa ni ngumu zaidi, na hapo ndipo kaka alipo.

Mvuvi wa Deep Sea

Mwalimu hilo la kuamka saa tisa. Mie nililala mchana miaka ishirini kwa ajili ya kuvua usiku kwa karabai. Sasa nimeacha bahari na silali usiku wala mchana. Mke anasema nina jini.

Mwalimu Ngamiani

Mzee wangu, shikamoo. Hilo lina habari yake nzuri kutoka kwa Wahadzabe, jamii ya wawindaji wa Ziwa Eyasi. Mwaka 2017 walitoa matokeo watafiti waliowavalisha watu wazima 33 wa kambi moja vifaa vya kupima usingizi kwa siku 20. Katika saa zaidi ya 220 za usiku walizozipima, dakika ambazo wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Wakati wote mwingine kulikuwa na mtu macho au kwenye usingizi mwepesi: huyu kachelewa kulala, yule mzee kaamka mapema. Kambi ililindwa bila kupangiana zamu. Wazee walioamka alfajiri walikuwa walinzi wa vijana wanaokoroma.

Kwa hiyo kuamka mapema uzeeni peke yake si jini. Lakini kama umeamka na moyo mzito, hamu ya kula imekwisha na dunia imekosa ladha, hilo ni jambo jingine, mueleze daktari.

Sasa kushindwa. Mtu wa kwanza kuandika kitaalamu kuhusu ngazi za kuku alikuwa Mnorwe, Thorleif Schjelderup-Ebbe, mwaka 1922: nani anamdonoa nani, na nani hamdonoi mtu. Mwaka 1967 daktari wa akili Mwingereza, John Price, aliandika katika jarida la The Lancet wazo lililowashangaza wengi. Katika makundi ya wanyama, alisema, mapigano ya kupanda ngazi yangeua kila siku kama aliyeshindwa hana njia ya kushindwa. Njia yenyewe ni hii: nguvu zinashuka, macho yanainama, sauti inakatika, anajitoa machoni mwa watu. Mwili unamwambia mshindi "nimekubali, usinimalize", na unamwambia mwenyewe "usirudi uwanjani leo, utakufa". Price na wenzake waliliendeleza wazo hilo miaka mingi. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, kwa maoni yao inaweza kuwa hali hiyo ya zamani iliyokwama. Ilitakiwa iwe ya muda: ushindwe, ukubali, mpatane, maisha yaendelee. Lakini binadamu anaweza kushindwa bila kupewa nafasi ya kukubali kwa heshima. Tajiri anapiga simu kila Ijumaa. Mtaa unapita na kuchungulia. Kichwa chenyewe kinarudia mwamba ule kila usiku. Pigano halijaisha, na mwili unaendelea kujikunja.

Niliposoma hapo niliweka simu chini. Sisi wenyewe nyumbani, kwa mapenzi kabisa, kila siku tulikuwa tunamwambia "inuka, pambana!" Tulikuwa tunamrudisha ulingoni mtu ambaye mwili wake wote unalia apewe ruhusa ya kutoka.

Kijana wa Handeni

Kwa hiyo mwalimu unafundisha watoto wetu kwamba tumetokana na nyani?

Mwalimu Ngamiani

Ndugu yangu, naswali nikasome, nasoma nikaswali. Sayansi haisemi tumetokana na nyani hawa wanaotuibia mahindi. Inasema sisi na sokwe tuna wahenga wa pamoja walioishi mamilioni ya miaka iliyopita, na ushahidi upo kwenye mifupa na kwenye vinasaba. Wewe una namna yako ya kuliamini au kutoliamini hilo, na sitakuvuta. Lakini tazama mtu wako aliye mgonjwa, utazame kilicho mbele yako: mwili unaotetemeka, unaokosa usingizi, unaojificha. Hapo naamini mimi na wewe tunaona kitu kimoja.

Injinia wa Maweni

Binafsi naona nadharia hizi zina mwisho mbaya. Kama ni uteuzi wa asili, basi dhaifu waondoke, wenye nguvu wabaki. Si ndivyo Darwin alivyosema?

Mwalimu Ngamiani

Hapana, na hili nalijibu kwa uzito wote nilio nao.

Wapo waliolichukua wazo hilo hivyo. Marekani katika karne iliyopita watu zaidi ya 60,000, wengi wao wagonjwa wa akili na wenye ulemavu, walifungwa uzazi kwa lazima. Ujerumani ya Wanazi ilikwenda mbali kuliko hapo: kati ya Januari 1940 na Agosti 1941 waliwatoa wagonjwa hospitalini kwa mabasi na kuwaua kwa gesi, zaidi ya watu 70,000, na madaktari ndio waliotia saini. Wote walisema wanafuata sayansi.

Uteuzi wa asili unaeleza jinsi vitu vilivyokuja kuwa. Hautupi amri. Kifutu naye ni kazi ya uteuzi wa asili, wala hatumwachii amuume mtoto. Tena, hata ukitaka kufuata maumbile, maumbile ya binadamu ni kubebana. Mtoto wa sokwe hulelewa na mama yake peke yake. Mtoto wa binadamu kwa desturi hulelewa na mikono mingi.

Binti Pangani

Mwalimu umefika mahali pangu. Mwanangu wa kwanza nilijifungulia Dar, mume yupo safarini, mama yangu kafariki, wifi ana kazi. Siku ya tano nilikuwa nimerudi jikoni. Siku ya kumi na mbili nilimtazama mtoto analia na sikusikia chochote moyoni, kama namtazama mtoto wa jirani kupitia dirisha. Sijamwambia mtu mpaka leo, miaka sita. Wa pili nilikuja kujifungulia Pangani kwa bibi. Arobaini nzima nilikandwa, nilipikiwa uji wa pilipili manga, mtoto analetwa nimnyonyeshe na anachukuliwa. Hali ile haikurudi. Nilidhani wa kwanza sikumpenda.

Mwalimu Ngamiani

Dada, asante kwa kuliweka hapa. Ulimpenda. Ulikuwa peke yako.

Mwanaanthropolojia Kristen Hawkes na wenzake walikaa na Wahadzabe wakipima nani analeta chakula gani. Waliona kwamba mama anapokuwa na kichanga, nguvu zake za kuchimba mizizi zinapungua, na ukuaji wa mtoto aliyetangulia unafuata kazi ya bibi. Bibi akichimba sana, mtoto anaongezeka uzito. Wanadhani ndiyo sababu mwanamke wa binadamu anaishi miaka mingi baada ya kukoma hedhi, jambo lisilo la kawaida kwa wanyama. Sarah Hrdy, mwanaanthropolojia mwingine, naye ameandika kwa kirefu kwamba mtoto wetu ni ghali mno kwa mtu mmoja, na kwamba akili ya mama imeumbika ikisubiri mikono mingine. Mikono isipokuja, kuna kitu ndani kinazima.

Si kila mzazi anayepata sonona baada ya uzazi ni kwa sababu hiyo. Homoni zimo, historia ya familia imo, umaskini umo. Wapo wanaopata wakiwa wamezungukwa na nyumba nzima, na hao nao wanahitaji hospitali. Lakini arobaini ya pwani ni dawa ambayo bibi zetu waliijua kabla ya watafiti kufika Eyasi, na tunaiacha kwa haraka inayonisikitisha.

Mama Wawili wa Korogwe

Nimesoma yote kimya. Mdogo wangu wa kiume anasikia sauti. Ana miaka ishirini na tatu. Zinamwambia majirani wanamtilia sumu, sasa hali chochote nisichokionja mbele yake. Baba kamfungia chumba cha uani. Mwalimu, hii nayo ni kinga? Inamkinga na nini?

Mwalimu Ngamiani

Dada, hapana. Hii si kinga, na mtu akikuambia ni karama au ni akili kubwa iliyopitiliza, usimkubalie.

Nilisema homa ni kinga. Degedege si kinga. Hofu ya kifutu ni kinga, lakini unayoyaeleza yanafanana sana na skizofrenia, ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo, ingawa wa kuthibitisha ni daktari. Hiyo ni mashine yenyewe kuharibika. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilikadiria watu milioni 24 duniani wanaishi nayo, kama mtu mmoja katika kila 300, kwa hiyo si laana iliyochagua nyumba yenu.

Wanabiolojia wanahangaika nayo kwa sababu hii: huonekana zaidi katika baadhi ya familia, na wanaoumwa huzaa watoto wachache kuliko wengine. Basi vinasaba vyake vilipaswa kupungua mpaka viishe. Kwa nini vipo? Sisi tulio jirani na Muheza tunafikiria haraka selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mtu mwenye nakala moja ya kinasaba cha selimundu anakingwa dhidi ya malaria kali, ndiyo maana kinasaba kile kimebaki kwetu, ingawa mtoto anayepata nakala mbili anateseka. Watu wengi walitamani skizofrenia iwe na hadithi kama hiyo, faida iliyofichwa kwa ndugu. Mpaka sasa ushahidi unaelekea kwingine. Uchunguzi mkubwa uliotoka mwaka 2022 ulikuta maeneo 287 ya vinasaba yanayohusika, na kila moja linaongeza hatari kidogo sana. Hakuna kinasaba kimoja cha kukilaumu. Ubongo unajengwa kwa sehemu kubwa ya vinasaba tulivyo navyo, kwa hiyo makosa madogo madogo ya kila kizazi huufikia, na uteuzi wa asili hauwahi kuyafagia yote. Ni kama mashua yenye misumari elfu: fundi mzuri, mbao nzuri, bado kuna misumari iliyokaa vibaya, na siku ya mawimbi makubwa ikikutana mingi upande mmoja, maji yanaingia.

Mawimbi ni pamoja na bangi kwa kijana aliye hatarini, na kutengwa. Kwa hiyo mfungulieni mlango. Nasema kwa heshima zote kwa baba, najua anaogopa atoke apigwe na watu. Lakini chumba kile kinaipa nguvu sauti inayomwambia watu si wema. Mtu anayedhani anatiliwa sumu, ukimfungia, umemthibitishia.

Na hamko mbali na msaada. Lutindi iko huko huko wilayani kwenu, juu milimani. Ilianza mwishoni mwa karne ya 19 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikaanza kupokea wagonjwa wa akili. Wagonjwa pale hawakai wakitazama ukuta: kuna mashamba, kuna chai, kuna kazi za mikono. Dawa za skizofrenia zipo na zinasaidia wengi. Zikianza kumfanya azubae au atetemeke, msiache kimyakimya, rudini daktari abadilishe.

Mkwezi wa Mabokweni

Mwalimu nimerudi. Kaka yako sasa yukoje? Na jogoo?

Mwalimu Ngamiani

Niliacha hilo kwa makusudi, kwa sababu nilitaka kwanza niwape nyani wa Mara.

Robert Sapolsky, Mmarekani, alikuwa akiwatazama nyani upande wa Kenya, Maasai Mara, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Alikuwa akiwachukua damu na kupima homoni ya msongo. Madume ya chini yaliyoonewa yalikuwa na homoni hiyo juu muda wote, miili inachakaa mapema. Hapo kila mtu angesema, basi kuwa chini ndiko kunakougua. Lakini katikati ya miaka ya 1980 madume makali ya kundi moja yalikwenda kugombania nyama chafu jalalani kwenye hoteli ya watalii, yakapata kifua kikuu, yakafa. Yakabaki majike na madume wapole. Ngazi hazikuisha: wa juu alikuwepo na wa chini alikuwepo. Ila wa juu waliacha kuwapiga wa chini bila sababu, na waliketi wakichambuana manyoya zaidi. Na katika kundi hilo madume ya chini hayakuwa na dalili zile za msongo. Miaka kumi baadaye, madume wale walishaondoka, wamekuja wengine kutoka makundi makali, na bado kundi liliishi hivyo.

Hiyo ndiyo habari niliyomsomea mama mdogo kwa Kiswahili, jioni, tukipepeta mchele. Akasema: "Kumbe si kushindwa, ni mnavyomfanya aliyeshindwa." Kesho yake akamchukua yule jogoo mwekundu akampeleka kwa shoga yake Makorora, uani kusiko na kuchi. Nilikwenda baada ya wiki tatu. Alikuwa anawika.

Kaka tulifanya mambo matatu, na sitasema lipi lilifanya kazi, maana yalikwenda pamoja. Tulimpeleka kwa daktari wa akili, safari hii nikaingia naye chumbani. Daktari hakumwambia aache mawazo. Alimuuliza kwanza anaamka saa ngapi, kisha akamuuliza, taratibu, kama amewahi kufikiria kujiua. Kaka alinyamaza, akasema ndiyo. Mie mdogo wake, tunalala ukuta mmoja, sikujua. Akapewa dawa, tukaambiwa zitachukua wiki kadhaa, zikachukua.

La pili, wazee wawili walikwenda kwa tajiri. Deni likaandikwa upya kwa mafungu madogo, na tajiri akaacha kupiga simu. Alikuja mwenyewe nyumbani, akanywa kahawa, akampa kaka mkono.

La tatu silo langu. Nahodha mmoja mzee, aliyemfundisha kaka bahari, alikuja na wavu uliochanika begani. Hakusema pole wala inuka. Akautandaza uani, akakaa chini, akaanza kushona, na baada ya muda akasema, "Hili fundo lako la zamani silikumbuki." Kaka akatazama muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono akaomba sindano. Hawakuzungumza mpaka magharibi. Mzee akarudi kesho yake, na kesho kutwa akaja na wenzake wawili. Baraza ikahamia kwetu.

Baharini hajarudi, na hatumuulizi. Anashona nyavu za watu Sahare, analipwa. Dawa anaendelea, kliniki kila mwezi. Kuna siku bado anakaa kimya, tunakaa naye.

Mama Wawili wa Korogwe

Baba nimemsomea. Hajasema kitu ila kaenda kufungua mlango, sasa wamekaa kizingitini wote wawili. Nataka nimpeleke Jumatatu. Naogopa atakataa njiani, na mie ni mwanamke peke yangu.

Mwalimu Ngamiani

Usimdanganye kwamba mnakwenda sokoni, mwambie ukweli. Usibishane naye kuhusu sauti wala usizikubali. Mwambie unaamini anazisikia na unaona zinavyomchosha, unataka alale. Muombe chakula cha njiani akifunge mwenyewe. Na akitishia kujidhuru au kumdhuru mtu kabla ya Jumatatu, msisubiri siku hiyo, nendeni hospitali iliyo karibu usiku huo huo.

Nimemuonyesha kaka ujumbe wako hapa barazani. Kasema Jumatatu hana wavu mkononi, atapanda basi la alfajiri, saa tatu atakuwa stendi ya Korogwe. Nitumie namba yako faragha nimpe.